Kauli halisi na kauli taarifa za Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Morogoro, na jioni nina kikundi cha twisheni: vijana wa kidato cha tatu na cha nne, pamoja na watu wazima wachache wanaotakiwa kuandika ripoti kazini. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila muhula. Nimeyapanga jinsi yanavyonijia, si jinsi vitabu vya sarufi vinavyoyapanga.

## Kauli halisi ni ipi, na kauli taarifa ni ipi?

Kauli halisi ni maneno ya msemaji yenyewe, yamefungwa ndani ya alama za mtajo: Asha said, "I am tired." Kauli taarifa ni wewe kumsimulia mwingine alichosema Asha: Asha said that she was tired. Wakenya huziita usemi halisi na usemi wa taarifa, jambo ni lilelile.

Kuripoti tunakujua tangu utotoni. "Mama amesema uje," "Konda anasema nauli imepanda." Mtoto wa miaka minne anatumwa kwa jirani na ujumbe, anaufikisha bila kukosea nafsi hata moja. Kinachotushinda kwenye Kiingereza ni saa ambayo masimulizi yanasomewa.

## Kwa nini kitenzi kinarudi nyuma, wakati kwa Kiswahili hakirudi?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine ni matawi yake.

Chukua sentensi hii: Juma alisema anaumwa. Neno "alisema" limeshatupeleka jana, lakini "anaumwa" limebaki na -na- yake, kwa sababu Kiswahili kinasimama pale alipokuwa amesimama Juma na kutazama saa ya Juma. Kwa saa yake, kuumwa kulikuwa kunaendelea. Kiingereza kinatazama saa ya msimuliaji. Mimi nasimulia leo, kule kuumwa kulikuwa jana, basi: Juma said he was sick.

Sasa mtego. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba "was" ni "alikuwa", anadhani "Juma said he was sick" ni "Juma alisema alikuwa anaumwa". Hapana. Kwa Kiswahili, "alisema alikuwa anaumwa" maana yake ugonjwa ulitangulia hata yale mazungumzo, pengine alikuwa ameshapona. Hiyo kwa Kiingereza ni "Juma said he had been sick". Ukielewa tofauti ya sentensi hizi mbili, nusu ya mada umeimaliza.

Kwa hiyo mimi sianzi na jedwali la kitabuni. Naanza na viambishi vyetu, vile vinavyokaa ndani ya taarifa baada ya "alisema". Penye -na-, Kiingereza kinaweka wakati uliopita: alisema anafanya kazi benki, she said she worked in a bank, alisema anapika, she said she was cooking. Penye -me-, kinaweka "had": alisema ameshakula, she said she had already eaten. Penye -li-, mara nyingi "had" vilevile: alisema alipoteza simu, she said she had lost her phone. Penye -ta-, "would": alisema atakuja, she said she would come. Ukijiuliza kwanza ungesemaje kwa Kiswahili cha nyumbani, kiambishi kinakuonyesha njia.

Nasisitiza Kiswahili cha nyumbani, kwa sababu cha darasani kina mambo yake. Wengi waliosoma Kenya walifundishwa kwamba kwenye usemi wa taarifa -ta- inageuka -nge-: "alisema kwamba angekuja siku ambayo ingefuata". Kwenye mtihani wa Kiswahili andika hivyo kama mwalimu wako ndivyo anavyotaka. Lakini sijawahi kumsikia mtu sokoni akisema "angekuja" akimaanisha kwamba mtu ameahidi kuja.

## Je, lazima kurudisha wakati kila mara?

Hapana. Kitenzi cha kuripoti kikiwa wakati uliopo, hakuna kinachosogea: Juma says he is sick. Ndivyo unavyofanya ukiwa umeshika simu huku unamfikishia mwenzio maneno ya aliye upande wa pili.

Jambo ambalo ni kweli siku zote linaweza kubaki: The teacher told us that water boils at 100 degrees Celsius. Ukiandika "boiled" si kosa, ila msomaji atajiuliza kama siku hizi maji yamebadili tabia.

Tukio lililopita lenye tarehe yake linaweza kubaki pia. Mtu akisema "I was born in 1990", unaandika "He said he was born in 1990". "Had been born" inasimama kisarufi lakini inasikika kama mtu aliyevaa suti kwenda shambani.

Kwenye mtihani, hata hivyo, usicheze. Kama swali linaanza na "said", rudisha wakati, isipokuwa kwa ukweli wa siku zote. Msahihishaji ana mwongozo mbele yake na hana muda wa kubishana nawe kwamba Juma bado anaumwa.

## Vipi kuhusu will, can, may na must?

"Will" inakuwa "would", "can" inakuwa "could", "may" inakuwa "might". Ila "may" ya ruhusa mara nyingi huwa "could": "You may go home" inakuwa "He said we could go home". "Would", "could", "should", "might" na "used to" hazisogei, zimeshafika ukutani.

"Must" ndiyo yenye nyuso nyingi. Ya wajibu inakuwa "had to": mhasibu wa shule akisema "You must pay by Friday", unaripoti "He said we had to pay by Friday". Ya kukisia inabaki: bibi akikuambia "You must be hungry", unasema "She said I must be hungry". Ukiweka "had to be hungry" umemfanya bibi akulazimishe njaa. "Mustn't" ya katazo inabaki, au unaigeuza kuwa amri: He told us not to be late.

## "Tomorrow" inageuka "the next day" kila mara?

Jedwali la kitabuni linasema ndiyo: "today" ni "that day", "yesterday" ni "the day before", "tomorrow" ni "the next day" au "the following day", "here" ni "there", "now" ni "then", "this" ni "that", "two days ago" ni "two days before". Likariri, linasaidia. Lakini maneno haya yanageuka kwa sababu wewe umehama, na usipohama hayana sababu ya kugeuka.

Tuseme ni Ijumaa, mama yuko stendi ya Msamvu, anapiga simu: "I will wait for you here tomorrow."

Ijumaa hiyohiyo jioni, uko nyumbani, unamwambia kaka: Mama said she would wait for me at Msamvu tomorrow. Kesho bado ni kesho, kilichobadilika ni mahali tu, kwa sababu "here" ya mama si "here" yako.

Jumamosi, umefika Msamvu na mama humwoni, unamuuliza muuza maji: My mother said she would wait for me here today. Kesho ya mama imekuwa leo yako, na "here" imerudi.

Mwezi umepita, uko Dar es Salaam, unasimulia kisa chote: She said she would wait for me there the next day.

Maneno ya mama ni yaleyale, na taarifa zote tatu ni sahihi. Mtihani huchukulia kwamba uko kwenye hali ya tatu: mbali na mahali, mbali na siku. Ndiyo maana jedwali linafanya kazi darasani na kukuangusha kwenye simu.

## Nitumie "said" au "told"?

Hapa Kiswahili kinakubeba mgongoni, ukikiruhusu. "Kusema" hakimhitaji mtu wa kuambiwa: alisema. "Kuambia" hakikai bila mtu: aliniambia, alimwambia, aliwaambia. Huwezi kusema "aliambia" ukanyamaza. "Say" ni kusema, "tell" ni kuambia, na tabia zao ni hizohizo. Kwa hiyo "She told me that she was leaving" ni aliniambia anaondoka, na "She said that she was leaving" ni alisema anaondoka.

Makosa ninayoyazungushia wino mwekundu kila wiki ni "He said me", "He told that he was busy" na "He told to me". La kwanza ni kama kusema "alinisema", ambalo kwa Kiswahili lina maana yake nyingine kabisa. La tatu linatokana na "kwangu" inayojipenyeza bila kualikwa. Binamu yake ni "He explained me", ambapo "to" inatakiwa kweli: He explained to me.

Na "that"? Ni "kwamba" yetu. Baada ya "said" na "told" unaweza kuiacha, kama tunavyoiacha sisi. Kwenye mtihani iweke.

## Swali linaripotiwaje?

Swali likiripotiwa linaacha kuwa swali. Hilo ndilo la kushika, kwa sababu mengine yanatokana nalo: alama ya kuuliza inaondoka, "do", "does" na "did" zinaondoka, na mpangilio wa maneno unarudi kuwa wa sentensi ya kawaida, mtenda kwanza, kitenzi baadaye.

"Where do you live?" Taarifa yake: The policeman asked me where I lived. Usiandike "asked me where did I live". Wala "asked me that where I lived", kosa linalozaliwa na kuamini kwamba kila taarifa lazima ipite mlango wa "that". Neno la kuuliza lenyewe ndilo mlango.

"What is your name?" Hapa wengi wanaandika "He asked me what was my name", na sikioni linakubalika kabisa. Sahihi ya mtihani ni "He asked me what my name was". Kile "was" kinachobaki mwishoni peke yake kinawatia watu wasiwasi, wanakirudisha ndani. Kiache hapo.

"Who broke the window?" The teacher asked who had broken the window. Mpangilio haukugeuka kwa sababu "who" ndiye mtenda mwenyewe.

Swali la ndiyo au hapana linachukua "if" au "whether", yaani "kama" yetu: "Are you married?" inakuwa "She asked me if I was married". Zote mbili ni sawa hapo. Chagua "whether" inapofuatwa na "or not" papo hapo, inapofuatwa na "to", au inapokuja baada ya neno kama "about": They were arguing about whether they should leave.

Halafu kuna maswali ambayo si maswali. "Will you help me?" mara nyingi ni ombi: She asked me to help her. "Shall I carry your bag?" ni kujitolea: He offered to carry my bag. Ukiyageuza kwa "if" hutakuwa umekosea sarufi, ila utakuwa hukumsikia msemaji.

## Amri na maombi je?

Fupi: kitenzi cha kuripoti, mtu anayeambiwa, kisha "to". "Sit down" inakuwa "He told me to sit down". Katazo linachukua "not to": "Don't touch the wire" inakuwa "He warned us not to touch the wire". Kosa maarufu ni "told us to don't touch". Jingine ni "He told me I sit", tafsiri ya neno kwa neno ya "aliniambia nikae".

"Please" haivuki mpaka. Inabadilisha kitenzi: badala ya "told" unaweka "asked", au "begged" kama mtu alikuwa anabembeleza.

## "Let's go" inakuwaje?

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, mfano wangu ni huu: "Let's go by train." Taarifa: She suggested going by train, au She suggested that we should go by train. "Suggest" haipokei mtu na "to" kama "tell" inavyopokea. "She suggested me to go" inaandikwa na watu wenye shahada, na bado ni kosa.

## Nitajuaje kitenzi cha kuripoti kinachofaa?

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo Kiswahili kinapotuangusha bila sisi kujua. Tuna vitenzi vitatu vipana sana, na Kiingereza kimevipasua.

Kukataa. "Alikataa kwenda" ni "He refused to go". "Alikataa kwamba hakuiba" husikika mitaani, lakini kwa Kiingereza kukanusha tuhuma ni "deny": He denied stealing the phone. Ukisema "He refused that he stole" hueleweki. Na angalia, "deny" imeshabeba ukanushi ndani yake. "He denied not stealing" maana yake amekiri.

Kukubali. "Alikubali kuja" ni "He agreed to come". "Alikubali zawadi" ni "He accepted the gift". "Alikubali kwamba alikosea" ni "He admitted that he had made a mistake". Mtu anayeandika ripoti ya nidhamu kazini akichanganya "agreed" na "admitted" anaweza kumtia mwenzake matatani, maana "admitted" inasema kosa lipo.

Kudai. "Alidai pesa zake" ni "He demanded his money". "Alidai hajaiona" ni "He claimed that he had not seen it". Hii "claim" ina shaka ndani yake: inamwambia msomaji kwamba wewe hujathibitisha. Ni jirani wa "eti" yetu. Mtu akisema "eti anaumwa", Kiingereza hakina kineno hicho kifupi chenye nyusi zilizoinuliwa, kwa hiyo shaka inahamia kwenye kitenzi: He claims he is sick.

Vingine vishike na mwendo wake: promised to, apologised for, advised me to, insisted on, complained that, accused him of. Usivikariri vikiwa uchi, kila kimoja kitembee na kijineno chake.

## Mbona Kiingereza changu kinachanganya he na she?

Kwa sababu "a-" yetu haimjui mwanamume wala mwanamke. "Alisema atampigia" inatosha kwa jinsia zote. Kwenye taarifa ndefu utajikuta umeanza na "she" ukamaliza na "he". Dawa ni kumtaja mtu upya unapoona mkanganyiko. "John told Peter that he had lost his phone": simu ya nani? Andika jina, hata kama linajirudia.

## Salamu na mshangao vinaripotiwa?

Kwa kitendo, si kwa maneno. "Good morning" inakuwa "He greeted us", na "Shikamoo" nayo ni hivyohivyo, heshima yake inabaki njiani. "Thank you" ni "He thanked me". "Congratulations!" ni "They congratulated her". "What a beautiful baby!" mitihani hupenda iwe "She exclaimed that it was a very beautiful baby", ingawa katika maisha hakuna anayesema "exclaimed". "Pole na safari" nimejaribu kwa miaka, sijaipatia neno moja.

## Sentensi zenye "if"?

Ile ya jambo linalowezekana inasogea: "If it rains, we will not play" inakuwa "He said that if it rained, they would not play". Za kufikirika hazisogei: "If I had money, I would buy a phone" inabaki na "had" na "would" zake, unabadili nafsi tu.

## Ninaandika kumbukumbu za kikao. Kanuni ni hizi hizi?

Ni hizi, na hapa ndipo zinalipa. Kumbukumbu zote ni kauli taarifa: The chairperson informed members that the borehole had been repaired and that the treasurer would present the receipts at the next meeting. Kosa ninaloliona ni kuanza vizuri kwa "had been repaired" kisha kuteleza: "and the treasurer will present". Msomaji wa mwaka kesho hatajua "will" hiyo ni ya lini.

## Nipe zoezi moja lenye majibu.

Dukani. Muuzaji: "Why didn't you come yesterday? I kept the sugar for you." Mteja: "I'm sorry, my child was sick. Can you give me two kilos now?" Muuzaji: "Don't worry. Let's see what is left."

Jaribu kwanza mwenyewe, funika chini.

The shopkeeper asked the customer why she had not come the day before and said that he had kept the sugar for her. She apologised and explained that her child had been sick. She asked him to give her two kilos then. He told her not to worry and suggested that they should see what was left.

Kama uliandika "asked why didn't she come", rudi kwenye maswali. Kama uliandika "her child was sick" badala ya "had been", mimi nakupa alama. Msahihishaji mwingine anaweza asikupe.